Mtoto amekutwa na kifafa: mwezi wa kwanza nyumbani

Mzazi anayetoka hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete, Tabora, na neno "kifafa" kwenye karatasi huwa amebeba vitu viwili: pakiti ya vidonge na tarehe ya kurudi. Mengine yote, yaani usiku, homa, jiko, ziwa, bibi mwenye dawa yake na mwalimu wa chekechea, ama hakuelezwa, ama alielezwa wakati masikio yamekwisha kuziba kwa hofu. Tunaandika kuhusu hayo mengine. Mtoto tunayemfikiria ana kati ya mwaka mmoja na miaka saba hivi, na yuko Kigoma au Tabora, mikoa ambayo malaria haiko mbali na mlango wa mtu.

Kwanza, ukielekezwa kliniki ya afya ya akili usidhani umekosewa. Katika hospitali nyingi za Tanzania kifafa hufuatiliwa huko, kwa kuwa ndiko waliko wahudumu waliozoea dawa zake. Mtoto hana wazimu. Ana ubongo ambao mara kwa mara hupitiwa na umeme mwingi kwa wakati mmoja. Na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia sawasawa.

Degedege au kifafa?

Uliza hili kabla ya dawa ya kwanza, maana huku kwetu kila mtoto anayekakamaa huitwa wa degedege. Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huja homa ikipanda, kwa kawaida huisha lenyewe ndani ya dakika chache, na mtoto huyo hawekwi kwenye dawa za kila siku. Kifafa ni kuanguka bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo, mara mbili au zaidi, zikipishana kwa zaidi ya saa 24. Kinachochanganya ni kwamba malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, inaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kifafa kikaanza miezi au miaka baadaye. Kwa hiyo mwambie daktari kila kulazwa kwa mtoto, na jinsi alivyozaliwa: alilia mara moja, au alikaa bila kulia?

Kipimo cha EEG, kile cha kubandikwa waya kichwani kupima umeme wa ubongo, na picha ya ubongo ya CT vinasaidia, lakini si lazima viwepo ndipo dawa ianze. Tena EEG inaweza kutoka safi na mtoto akawa na kifafa vilevile. Ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, uliza unakwenda kutafuta jibu la swali gani. Kama mtoto anatikisika upande mmoja tu, ana udhaifu wa mkono au mguu, au kichwa kinakua isivyo kawaida, safari hiyo ina maana kubwa. Kama fedha ni ya kukopa na daktari hana swali mahususi, dawa iliyopo mkononi ndiyo ya kuanza nayo.

Chombo kinachomsaidia daktari kuliko unavyodhani ni simu. Mtoto akishikwa, mtu mmoja amhudumie na mwingine arekodi video, mwili mzima uonekane na sura pia. Mzazi mwenye hofu akisimulia, kila kuanguka hufanana. Kwenye video daktari ataona macho yalikwenda upande gani na mkono upi ulianza.

Na si kila kifafa ni cha kuanguka. Mtoto anaweza kukata maneno katikati, akaduwaa kwa sekunde 10 kope zikipepesa, kisha akaendelea kama hakuna kitu, mara nyingi kwa siku. Shuleni huyu huchapwa kwa kosa la kutosikiliza. Mwingine hutafuna-tafuna mdomo mtupu na kushikashika nguo yake. Wa kukimbiza hospitali siku hiyohiyo ni mtoto mchanga chini ya mwaka mmoja anayejikunja ghafla kama anainama kusalimia, mikono ikifunguka, tena na tena kwa mfululizo, hasa anapoamka. Hiyo huonekana ndogo, nayo huharibu ubongo kwa kasi. Mtoto anayelia kwa hasira hadi anakata pumzi, anabadilika rangi na kulegea, mara nyingi hana kifafa. Hata hivyo mpeleke achunguzwe, na upungufu wa damu upimwe.

Anaposhikwa

Tazama saa. Hilo ndilo la kwanza, hata kabla ya kumshika, kwa sababu dakika moja ya kifafa huhisiwa kama kumi, na uamuzi wako wote unategemea dakika. Weka kitu laini chini ya kichwa: kanga iliyokunjwa, ndala, kiganja chako. Sogeza kigoda, jiko na sufuria. Legeza kitufe cha shingoni. Mgeuze kwa ubavu mara unapoweza, mdomo ukielekea chini kidogo, mate na mapovu yatoke yenyewe. Usimbane mikono; kutikisika hakusimami kwa kushikwa, na mfupa unaweza kuvunjika.

Usiweke kitu mdomoni. Si kijiko, si kidole, si kitambaa, si maji, si dawa. Mtu hamezi ulimi wake. Anaweza kuung'ata ukatoka damu, nao utapona. Jino lililovunjwa na kijiko likaingia kwenye njia ya hewa ni balaa jingine kabisa. Mwanzoni mwili ukikakamaa pumzi husita na midomo hubadilika rangi. Kwenye mtoto mweusi angalia ulimi na ndani ya mdomo wa chini, si ngozi. Mitikisiko ikianza kupungua pumzi hurudi, mara nyingi kwa mkoromo.

Mapovu hayaambukizi. Kumgusa hakuambukizi. Waambie majirani hilo kabla, kwa sababu siku likitokea sokoni watu watarudi nyuma wakitazama.

Mara nyingi huisha ndani ya dakika 1 hadi 3. Baada ya hapo mtoto hulala, au huamka akiwa hajielewi, anatapika, amejikojolea. Mwache ubavuni, kaa naye, mwite jina kwa sauti ya kawaida. Asipewe chakula wala maji hadi aweze kuketi na kukujibu.

Mpeleke kituoni mara moja iwapo kuanguka kumefika dakika 5. Iwapo ameshikwa tena kabla hajapata fahamu. Iwapo ana homa. Iwapo ameumia kichwa au ilitokea majini. Au iwapo nusu saa imepita na bado haamshiki. Hilo la homa msilipuuze kwa kusema "ana kifafa chake". Mtoto mwenye kifafa naye anaugua malaria ya ubongo na uti wa mgongo, na wengine huchelewa kutibiwa kwa sababu nyumba nzima ilishapata jibu la zamani.

Kama mnaishi mbali, tuseme kijiji cha mwambao kinachofikika kwa boti tu, au ndani ya Sikonge au Kaliua ambako bodaboda huitwa kwa simu, usingoje dakika 5 zitimie ndipo utafute usafiri. Dakika ya 2 mtu mmoja aanze kupiga simu. Mkifika mtoto ameshatulia, hakuna hasara. Namba ya boda na ya mwenye boti ziandikwe ukutani kwa mkaa au chaki, si kwenye simu ya baba tu.

Wanaoishi mbali waulize pia kuhusu diazepamu, dawa ya kusimamisha kuanguka, ya kuweka njia ya haja kubwa. Hii haifanywi kwa kusikia. Mhudumu akuonyeshe kwa mkono wake na akuandikie kiasi. Ili uelewe anachokuandikia: kiasi cha kawaida ni nusu miligramu kwa kila kilo, bila kuzidi miligramu 10. Kichupa cha sindano cha mililita 2 kina miligramu 10, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 hupata miligramu 6, sawa na mililita 1.2. Dawa huvutwa kwa bomba, sindano inaondolewa kabisa, bomba tupu linaingizwa taratibu, dawa inasukumwa, na makalio yanabanwa pamoja kwa dakika moja au mbili isirudi nje. Makosa mawili hujirudia: kusahau kuondoa sindano kwa sababu mikono inatetemeka, na kurudia dozi nyumbani. Dozi ya pili inaweza kusimamisha pumzi. Baada ya ya kwanza, kazi yako ni kutazama kifua kinavyopanda na kushuka huku mkiwa njiani.

Kidonge

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama, na hapa ndipo tungependa mzazi aweke nguvu zake. Dawa inaposemwa "imeshindwa", mara nyingi ukifuatilia utakuta dozi ya mtoto wa kilo 10 inatumika kwa mtoto ambaye sasa ana kilo 14, au siku tatu za pengo kila mwisho wa mwezi, au kidonge kilichotapikwa na hakuna aliyesema.

Kabla ya kuondoka dirisha la dawa, soma pakiti mbele ya mfamasia: jina, miligramu, vingapi, saa ngapi. Fenobabitoni, mojawapo ya dawa za kifafa, huja sana kwa vidonge vya miligramu 30. Watoto huanzishwa kwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku, hivyo mtoto wa kilo 10 huanza na kidonge kimoja au pungufu kidogo, mara moja, usiku. Inaweza kupandishwa polepole hadi miligramu 6 kwa kilo. Kabamazepini, nayo ya kifafa, huja kwa vidonge vya miligramu 200, na huanzia kama miligramu 5 kwa kilo kwa siku: mtoto wa kilo 20 ataanza na robo kidonge asubuhi na robo jioni, kisha itapandishwa wiki hadi wiki. Usipandishe wala kupunguza kwa hesabu hizi. Zipo ili ukiona karatasi imeandikwa kitu kilicho mara tatu yake, urudi dirishani kuuliza.

Kukata robo si kazi ndogo. Mstari wa kwenye kidonge ni wa nusu; robo hupasuka vipande visivyo sawa. Tumia wembe mpya juu ya sahani kavu, bonyeza mara moja bila kukeketa, na ukate vya siku chache tu. Kama kidonge kimeandikwa kuwa ni cha kutoa dawa polepole, hicho hakisagwi hata kidogo. Rudi uombe cha kawaida. Kwa mtoto asiyeweza kumeza, saga kipande kati ya vijiko viwili, changanya na kijiko kimoja cha uji, mpe, kisha suuza kijiko hichohicho kwa maji kidogo na ampe hayo pia, maana unga hubaki umeganda. Usichanganye kwenye bakuli zima. Akishiba nusu bakuli, amekunywa nusu dozi.

Akitapika ndani ya nusu saa na ukaona dawa imetoka, mrudishie mara moja tu. Ukisahau, mpe unapokumbuka; kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, acha iliyopita. Usimpe mbili kwa pamoja kufidia.

Saa ni ile ile kila siku. Nyumba isiyo na saa ya ukutani ifunge dawa kwenye jambo lisilobadilika: baada ya adhana ya isha, au taarifa ya habari ya saa 2 usiku redioni. "Baada ya chakula cha usiku" si saa nzuri, kwani chakula chenyewe hutegemea dagaa wamerudi lini.

Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, juu kabatini, mbali na jiko na mbali na bafu. Kwa kabamazepini hili lina uzito wa pekee: kidonge kikipigwa na unyevu hugumu, tumbo hushindwa kukivunja vizuri, na mtoto anapata dawa pungufu ingawa anameza kila siku. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, vidonge visiachwe kwenye bahasha ya karatasi.

Mwili utaizoea dawa polepole. Wiki za kwanza mtoto atasinzia na anaweza kuyumba kidogo. Fenobabitoni humgeuza mtoto mwingine kuwa mkorofi asiyetulia, anayelia kwa neno dogo. Si malezi yako, ni dawa. Mwambie daktari, asichapwe. Kinachotaka haraka ni vipele vya mwili, hasa katika miezi 2 ya kwanza ya kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni. Nenda siku hiyohiyo ukiwa na pakiti. Vikiambatana na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au malengelenge, ni dharura, usiku au mchana. Kwa anayetumia sodiamu valproeti, kutapika kusikokoma, usingizi mzito usio wa kawaida au macho ya manjano ni dalili za ini, na hatari ni kubwa zaidi chini ya miaka 2. Mwenye mtoto wa kike aulize mapema kama valproeti ina mbadala, kwa sababu baadaye, akifikia umri wa kuzaa, dawa hiyo hudhuru mimba.

Kuhusu dawa kuisha: hesabu vidonge kila Jumapili, na vikibaki vya siku 10 anza safari. Vituo huishiwa, huo ndio ukweli, na duka la dawa la mtaani huenda lisiwe na fenobabitoni kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa. Uwe na cheti cha daktari cha kununulia famasi ya mjini, na ubaki na pakiti tupu ya zamani ili ulinganishe miligramu. Kukata fenobabitoni ghafla ni hatari kuliko kutoianza. Mtoto anaweza kushikwa mfululizo bila kupumzika. Ukiambiwa "hakuna, rudi mwezi ujao", usiondoke. Muulize mhudumu: "Sista, usiku wa leo nimpe nini?" Swali hilo lina jibu, nalo ni lazima litolewe kabla jua halijazama. Mtoto chini ya miaka 5 ana msamaha wa malipo kwenye vituo vya serikali. Aliyevuka umri huo na familia haina uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini ndiyo inayoshughulikia misamaha.

Kila miezi 3 apimwe uzito, na uzito huo uandikwe mbele ya daktari anayeandika dozi. Kadi ya kliniki ya mtoto iende naye.

Malaria ikiingia

Homa hushusha kizuizi cha kifafa, hivyo wiki ya malaria ni wiki ya kuanguka. Dawa ya kifafa haisimami hata mara moja. Wengi huisimamisha wakidhani dawa mbili "zitagombana". Zinagombana kweli, ila kwa upande mwingine: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hulifanya ini liondoe dawa ya mseto, ile ya malaria, mwilini haraka, na malaria inaweza isiishe au ikarudi. Mwambie anayekuandikia mseto kwamba mtoto yuko kwenye dawa ya kifafa, na utaje jina lake. Mseto autumie pamoja na chakula chenye mafuta, uji wa karanga au mboga ya mawese, ndipo unapofyonzwa vizuri. Siku ya 3 homa haijashuka, rudi. Ikirudi ndani ya wiki 4, omba damu iangaliwe kwa darubini, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vijidudu kwisha. Parasetamo humpunguzia mtoto maumivu ya homa lakini haizuii kuanguka, basi isichukue nafasi ya kwenda kupima.

Dawa nyingine ya kuitazama ni eritromaisini, ile ya kifua na koo. Ikikutana na kabamazepini huipandisha kwenye damu: mtoto anayumba kama mlevi, anatapika, anaona vitu viwili-viwili. Sema mapema, zipo nyingine. Chanjo ziendelee kwa ratiba.

Nyumba, ziwa, kisima

Moto wa mafiga ndio unaoacha makovu mengi. Kama hakuna uwezo wa kuinua jiko, chora duara kwa mawe au matofali hatua mbili kutoka mafigani, na mtoto huyu asivuke, hata kuota moto asubuhi ya baridi. Uji wa moto usipozwe sakafuni.

Maji hayahitaji kina. Beseni lenye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu linatosha kumzamisha mtoto aliyeshikwa akiwa kifudifudi. Aogeshwe ameketi, kwa kata, na anayemwogesha asiende kufungua mlango. Ndoo za usiku zifunikwe. Visima vya kuchimba kwa mkono vilivyo wazi, ambavyo Tabora bado vipo vingi, viwe na mfuniko wa mbao wenye uzito. Ufukweni mwa ziwa, Kibirizi au Katonga, Kigoma, anaweza kucheza mchangani. Akiingia majini awe na mtu mzima anayejua kuogelea, tena wa kufikika kwa urefu wa mkono. Kaka wa miaka 9 si mtu mzima.

Ndoano ya mlango wa choo itolewe, iwekwe kamba. Miembe asipande, aokote za chini, au adondoshewe. Kitanda kirefu kiachwe, godoro liwe chini na chandarua kichomekwe. Kwenye bodaboda akae katikati ya dereva na mtu mzima.

Zaidi ya hayo mwache acheze. Mtoto anayefungiwa kwa huruma hakui, na wenzake watamjua kwa ugonjwa kabla ya kumjua kwa jina. Usingizi ndio wa kulindwa: mkesha wa harusi au msiba humwangusha siku ya pili. Kama kuna mkesha, mmoja wenu abaki naye nyumbani.

Daftari

La kurasa 40 linatosha. Ukurasa uonekane hivi:

4/3, saa 11:40 alfajiri. Usingizini. Mkono wa kulia ulianza, kisha mwili wote. Dakika 2 na nusu. Alikojoa. Alilala hadi saa 2. Hana homa. Dawa ya jana usiku: alitapika, hatukurudia.

Sentensi ya mwisho ndiyo itakayomzuia daktari asiongeze dozi bure. Andika pia siku za vidonge kukosekana, hata kama unaona haya. Daktari hakugombezi daftari. Anaposoma "kila siku anameza" naye mtoto anaendelea kuanguka, atapandisha au atabadilisha dawa iliyokuwa haina kosa.

Bibi, mganga na maneno ya watu

Mtoto akishikwa mbele ya ukoo, kila mtu ana dawa: moshi wa kinyesi cha tembo, mafuta ya taa puani, mkojo, chale. Moshi na mafuta ya taa huingia mapafuni mwa mtoto asiyeweza kukohoa. Chale huingiza vijidudu. Dawa za kunywa za mitishamba hazina kipimo na hupita kwenye ini lilelile linalobeba vidonge. Lakini kumfokea mama mkwe hakuleti kitu, maana siku ukiwa sokoni yeye ndiye atakayekuwa na mtoto. Muombe kazi. "Mama, shikamoo. Dua tunaihitaji, na mimi nakuomba umwombee. Ila chale, kufukiza na kumnywesha tuviache. Saa 2 usiku nikichelewa, kidonge ni hiki, naomba wewe ndiwe umpe." Bibi aliyekabidhiwa kidonge hulinda saa kuliko redio.

Mama ndiye hulaumiwa kwanza. Sababu zinazojulikana ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, uti wa mgongo, kuumia kichwa, mayai ya tegu la nguruwe yaliyoingia kwa mikono au maji machafu, na urithi. Mara nyingi haionekani sababu yoyote. Baba aende kliniki angalau mara moja asikie mwenyewe, kwa sababu maneno ya daktari yakipitia kwa mke hufika nyumbani yamepungua nguvu. Usiku gawaneni. Mzazi anayekaa macho mwezi mzima akitazama pumzi ndiye anayesahau dozi ya wiki ya tano. Mmoja alale kando ya mtoto, mwingine chumba cha pili, mbadilishane.

Wa kuwaambia nje ya nyumba ni wachache: jirani wa mlango wa pili, anayebaki na mtoto, na mwalimu. Kwa mwalimu peleka barua ya nusu ukurasa, kwa mkono wako:

"Mwalimu, mwanangu ana kifafa na anatumia dawa nyumbani usiku. Akianguka: tazama saa, mlaze ubavu, usiweke kitu mdomoni, watoto wengine wakae mbali. Ikifika dakika 5 nipigie na mpelekeni zahanati. Ikiisha kabla, mwacheni alale ofisini, hana haja ya kurudishwa nyumbani kila mara. Akiduwaa darasani si utovu wa adabu. Niandikie ni mara ngapi."

Weka na sketi au kaptula ya akiba kwenye begi. Kukojoa mbele ya darasa humuumiza mtoto kuliko kuanguka kwenyewe, na nguo kavu ndani ya dakika tano humaliza nusu ya utani.

Mkisafiri kwa treni kwenda Dar es Salaam, dawa za safari nzima na za wiki moja ya ziada zikae kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye mzigo wa behewa. Treni ya huku ikichelewa, huchelewa kweli.

Kuacha dawa

Swali hili huja mapema, kwa kawaida mtoto akimaliza miezi minne bila kuanguka. Hapo dawa inafanya kazi, haijamaliza kazi. Mazungumzo ya kupunguza huanza baada ya miaka 2 kamili bila kuanguka, na daktari hushusha kwa hatua ndogo kwa miezi kadhaa, fenobabitoni ikiwa ya polepole kuliko zote. Si watoto wote watakaofika huko. Wengine watahitaji dawa kwa muda mrefu zaidi, na mtoto mwenye udhaifu wa upande mmoja au aliyechelewa kukua huwa katika kundi hilo mara nyingi. Siku kila dozi inaposhushwa, andika tarehe daftarini, waarifu mwalimu na bibi, na kwa miezi hiyo masharti ya moto, maji na miti yarudi kama yalivyokuwa mwezi wa kwanza.